Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu chaja za simu: ipi inaingiliana na ipi, na kwa nini

Maswali haya nimeyakusanya kwa watu wanaoniuliza kila siku, wengine wakiwa na hofu ya kuunguza simu na wengine wakiwa wameshaiunguza. Nimeyajibu kwa lugha ya kawaida. Ukilielewa swali la kwanza vizuri, mengi ya huko chini utaanza kuyajibu mwenyewe.

Simu yangu inachaji kwa wati 18 na nimepata chaja ya wati 65. Nikichomeka si itaungua?

Haiungui. Hili ndo swali naloulizwa kuliko yote kwaiyo acha nilijibu taratibu. Ile namba ya wati iliyoandikwa kwenye chaja sio kiasi inachosukuma kwenye simu, ni kiasi cha juu inachoweza kutoa ikiombwa. Simu ndo inayovuta. Mtungi ukiwa mkubwa na kata yako ni ndogo, unachota kwa kata yako ileile, maji hayakurukii usoni kwa sababu mtungi ni mkubwa. Ndani ya simu kuna saketi ya kuchaji na hiyo ndo inayoamua ivute ampia ngapi, sio kichwa cha chaja kilichoko ukutani.

Cha kuogopa ni volti, maana volti chaja inakupa utake usitake. Lakini hapo nako watu wa USB walishaweka ulinzi: USB ya kawaida inatoa volti 5, na ili itoke zaidi ya 5 lazima simu na chaja wakubaliane kwanza kupitia waya. Wasipoelewana inabaki 5, simu inachaji polepole, basi, hakuna kilichoharibika. Na tundu la Type-C kwenye chaja iliyotengenezwa vizuri halitoi hata hizo 5 mpaka lione kuna kifaa upande wa pili, linaitambua simu kwa rizista (kipuri kidogo cha kukinza umeme) ya kilo-ohm 5.1 iliyoko ndani ya simu. Yaani chaja inabisha hodi kwanza.

Na kinyume chake? Chaja ndogo kwenye simu kubwa?

Itachaji, ila polepole, na ukiwa unaitumia kwa kazi nzito unaweza kukuta imeandika inachaji huku asilimia zinashuka. Kwa chaja nzima simu haiharibiki. Chaja mbovu ya bei rahisi ikilazimishwa kutoa kila ilichonacho kwa masaa inachemka, na hapo tatizo linahamia kwenye chaja yenyewe.

Hizi volti, ampia na wati mnazisoma wapi na zinamaanisha nini?

Geuza kichwa cha chaja, angalia yale maandishi madogo ya kijivu ambayo hakuna anayeyasoma (piga picha na simu alafu ivute picha iwe kubwa, ndo njia rahisi). Kuna mistari miwili ya muhimu. Wa Input unahusu umeme wa ukutani, chaja nyingi wameandika 100-240V~ 50/60Hz, maana yake inakubali umeme wa nchi karibu zote duniani, ukisafiri unahitaji adapta ya kubadilisha miguu ya plagi tu, huhitaji transfoma. Wa Output ndo unaohusu simu.

Tuchukue chaja moja ya wati 20 iliyoandikwa hivi: 5V 3A, 9V 2.22A, 12V 1.67A. Zidisha volti kwa ampia unapata wati. 5 mara 3 ni 15. 9 mara 2.22 ni karibu 20. 12 mara 1.67 ni karibu 20 tena. Kwaiyo chaja hii inaitwa ya wati 20 lakini simu isiyojua kuomba volti 9 itapata 15 tu, au hata chini ya hapo. Na hapo ndo unaelewa kwa nini watu wawili wanatumia chaja ileile, mmoja anasema ina kasi mwingine anasema kimeo.

Ukiona kwenye maandishi hayo kuna neno PPS na volti zimeandikwa kwa masafa, kama 3.3-11V, ujue hiyo chaja ina uwezo wa ziada na nitaueleza huko chini.

Kila chaja inasema ni fast charge. Mbona ikiwa kwenye simu yangu haina kasi?

Kwa sababu "fast charge" sio lugha moja, ni lugha nyingi, na chaja na simu zikiwa hazina lugha ya pamoja zinarudi kwenye volti 5 za kawaida. Hili nalisisitiza sana kwa sababu watu wanatupa hela wakinunua chaja za wati kubwa wakidhani wati ndo kila kitu.

Lugha ya kwanza ni ya zamani: USB ya kompyuta inatoa miliampia 500 tu. Baadae kukaja utaratibu wa chaja za ukutani unaofika ampia 1.5, simu inatambua iko kwenye chaja kwa kuangalia zile nyaya mbili za data, ikikuta zimeunganishwa pamoja inajua hapa sio kompyuta, naweza kuvuta zaidi.

Ikaja Quick Charge ya Qualcomm, watengenezaji wa chipu za simu, hii ilianza 2013, toleo la pili na la tatu likawa linapandisha volti mpaka 9 na 12. Simu nyingi zenye chipu zao za Snapdragon za miaka ile zinaielewa. Kwa upande mwingine OPPO mwaka 2014 wakatoka na VOOC, wao wakaenda njia tofauti kabisa: badala ya kupandisha volti wakaziacha kwenye 5 na kuongeza ampia mpaka karibu 4, joto la kubadilisha volti likabaki kwenye chaja badala ya kuwa ndani ya simu. Akili nzuri sana, ila ilitaka chaja yao, na waya wao, na simu yao. Ukibadilisha kimoja katika hivyo vitatu kasi inapotea. Kampuni nyingine kama Huawei nazo zina lugha zao za namna hii, ndo maana chaja iliyokuja na simu ya kampuni moja ikipelekwa kwenye simu ya kampuni nyingine inakuwa mpole ghafla.

Alafu kuna USB Power Delivery, wengi wanaandika PD. Hii ndo lugha ya wote na ndo ninayowashauri watu wanunue. PD ina ngazi za volti 5, 9, 15 na 20 na kwa muda mrefu ilikuwa inaishia wati 100, mwaka 2021 ikapandishwa mpaka 240, yaani volti 48 kwa ampia 5. Simu haihitaji hizo, ni za laptopu, lakini chaja ni ileile. Quick Charge yenyewe kuanzia toleo la 4 ilikubali kuelewana na PD.

PPS ni nyongeza ndani ya PD. Badala ya kuruka kutoka 5 kwenda 9 moja kwa moja, simu inaomba volti kidogo kidogo, hatua za milivolti 20, na inabadilisha ombi kadiri betri inavyojaa. Faida yake ni joto kupungua. Simu za Samsung zinazochaji kwa wati 25 zinaitegemea hii, ukizichomeka kwenye chaja ya PD yenye wati hata 65 lakini haina PPS hupati zile 25, unapata chini. Nimeona mtu amerudisha chaja nzuri kabisa kwa hasira akidhani ameuziwa feki, kumbe ni hilo tu.

Kwa hiyo nikinunua chaja moja ya kutumia kwa vifaa vyote nitafute nini?

PD yenye PPS, tundu la Type-C, wati 30 kama ni simu tu, 65 kama una laptopu inayochaji kwa Type-C. Na simu zenye lugha yao wenyewe tunza chaja iliyokuja nayo, usiigawe.

Nina kichwa kizuri na simu nzuri lakini bado inachaji taratibu. Tatizo nini?

Waya. Mara nyingi sana ni waya, na ndo kitu cha mwisho watu wanachokishuku kwa sababu kwa macho waya zote ni sawa.

Fanya hesabu hii uone. Waya mrefu mwembamba wa mita 2 unaweza kuwa na ukinzani wa ohm 0.3 kwenda na kurudi. Simu ikivuta ampia 2, volti 0.6 zinapotelea njiani, zinageuka joto ndani ya waya. Chaja inatoa 5 simu inapokea 4.4, na simu nyingi zikiona volti zimeshuka hivyo zenyewe zinapunguza kuvuta. Ndo maana nyaya nene na fupi zinachaji vizuri kuliko zile ndefu za mapambo. Ukitaka kupima bila kifaa chochote: chaji simu kwa dakika 15 na waya mmoja kutoka asilimia zilezile, kesho yake waya mwingine, chaja ileile, kioo kimezimwa. Tofauti utaiona.

Kuna na suala la chipu. Waya wa C kwa C wa kawaida unaruhusiwa ampia 3, basi. Ukitaka ampia 5 lazima waya uwe na chipu ndogo ndani ya mdomo wake inayoitambulisha, e-marker. Chaja ikiuliza waya na usijibu, inajizuia kwenye 3. Simu za Samsung zinazochaji kwa wati 45 zinataka waya wa ampia 5, na wengi wananunua kichwa cha 45 alafu wanaendelea na waya wao wa zamani.

Waya unaweza kuharibu kifaa?

Unaweza. Mwaka 2015 injinia wa Google anaitwa Benson Leung alianza kununua nyaya za Type-C zilizokuwa zinauzwa mtandaoni na kuzipima moja moja, mwanzoni mwa 2016 akakutana na mmoja uliounganishwa vibaya, umeme na ardhi vimebadilishana nafasi, ukaua laptopu yake ya kupimia pale pale. Tatizo lingine alilolikuta kwenye nyaya nyingi ni dogo zaidi lakini baya: waya wa kutoka USB ya bapa (ile pana ya zamani, Type-A) kwenda Type-C unatakiwa uwe na rizista ya kilo-ohm 56 inayoiambia simu "hapa vuta kwa kiasi", watengenezaji wengine wakaweka ya 10, ambayo inaiambia simu "hapa kuna ampia 3 vuta tu". Simu inavuta, na kama upande wa pili ni tundu la kompyuta lisilo na uwezo huo, ndo linaloumia. Kwaiyo mtu anayesema waya ni waya tu, hapana.

Kifaa changu kidogo kina tundu la Type-C lakini kinakataa waya wa C kwa C, kinakubali ule wa bapa tu. Kimeharibika?

Hakijaharibika, kilitengenezwa kwa ubahili. Unakumbuka ile rizista ya 5.1 inayoitambulisha simu kwa chaja? Watengenezaji wa spika ndogo, tochi, mashine za kunyolea na vitu kama hivyo wengine hawaiweki. Chaja ya Type-C inabisha hodi, hakuna anayeitika, haitoi umeme. Lakini tundu la bapa la zamani linatoa volti 5 muda wote bila kuuliza, kwaiyo kwa waya ule kinachaji. Tumia kichwa cha bapa na waya wa bapa kwenda C na maisha yanaendelea.

iPhone inaweza kutumia chaja ya Android?

Ndio. Kuanzia iPhone 15 ya 2023 tundu ni Type-C kwaiyo hata waya ni uleule. Zile za Lightning, kuanzia iPhone 5 ya 2012 mpaka 14, unahitaji waya wake lakini kichwa ni chochote kizuri. Ukitaka kasi, iPhone 8 na kuendelea zinaelewa PD, weka kichwa cha PD cha wati 20 na waya wa C kwenda Lightning, Apple wenyewe wanasema utapata asilimia 50 kwa nusu saa hivi. Waya wa bapa kwenda Lightning hauleti kasi hiyo hata ukiuweka kwenye kichwa cha aina gani, kwa sababu mazungumzo ya PD yanapita kwenye waya ambao tundu la bapa halina. Na ule ujumbe kwamba kifaa hiki hakiungwi mkono unatokana na chipu iliyomo kwenye waya wa Lightning, nyaya feki hazina au zina ya kuigiza, leo inakubali kesho baada ya kusasisha simu inakataa.

Kichwa kidogo cheupe cha zamani cha iPhone ni wati 5. Kinafanya kazi mpaka leo, ila kwa betri kubwa za sasa jiandae kusubiri masaa.

Kwa nini siku hizi simu nyingi zinakuja bila kichwa, na zote zinakimbilia Type-C?

Apple waliondoa kichwa kwenye boksi Oktoba 2020 na wengine wakafuata. Kuhusu Type-C, Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria 2022, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu na tableti mpya zinazouzwa kwao lazima ziwe na tundu hilo, laptopu nazo kuanzia 28 Aprili 2026. Sheria inaenda mbali zaidi ya tundu: kifaa kinachochaji kwa zaidi ya wati 15 lazima kielewe na PD, hata kama kina lugha yake pembeni. Kampuni haziwezi kutengeneza simu mbili tofauti kirahisi, kwaiyo hata sisi tulio nje ya Ulaya tunafaidika, na kwa maoni yangu hiki ni kitu kizuri kuliko vyote vilivyotokea kwenye mambo ya chaja.

Naweza kuchaji simu kwa chaja ya laptopu?

Kama ni ya Type-C, ndio, bila wasiwasi, inaanza na volti 5 na simu inaomba inachotaka.

Ila sikiliza hapa, chaja za midomo ya duara ni habari nyingine kabisa. Chaja ya ruta, ya dekoda, ya laptopu ya zamani, hizo hazina mazungumzo, zinatoa volti zake 9 au 12 au 19 hapohapo unapochomeka. Mdomo kuingia haimaanishi zinaingiliana. Kwenye hizo lazima volti zilingane na zilizoandikwa kwenye kifaa, ampia za chaja ziwe sawa au zaidi, na uangalie na ule mchoro mdogo wa duara unaoonyesha chanya iko katikati au nje.

Nitajuaje chaja feki?

Uzito ni dalili, mwanga wa taa zake sio dalili. Chaja nzuri inakuwa nzito kidogo kwa ukubwa wake, ingawa zile mpya za GaN (aina ya kisasa ya vipuri vya ndani) ni ndogo na ziko poa kwaiyo usihukumu kwa ukubwa peke yake. Maandishi yakiwa na makosa ya tahajia au hayapo kabisa, acha. Ikidai wati 100 kwa mwili wa wati 10, acha.

Dalili nnayoiamini zaidi ni kioo cha simu kurukaruka. Unaichomeka, unagusa herufi moja inaandika nyingine, kioo kinajibonyeza chenyewe, ukichomoa kinatulia. Sio simu mbovu hiyo, ni chaja inayovujisha kelele za umeme kwa sababu vichujio vyake vimepunguzwa, na kioo cha kugusa kinasoma kelele hizo kama vidole. Nilikuwa na moja hivyo, nimeinunua inang'aa kweli, wiki ya tatu ikaanza kunuka kama plastiki inayopashwa moto. Nikaiacha siku kadhaa bila umeme alafu nikaipasua. Ndani ubao nusu mtupu, nafasi za vipuri zimechorwa lakini vipuri hakuna, na upande wa umeme wa ukutani ulikuwa umetenganishwa na upande wa simu kwa mstari mwembamba kama ukucha. Hapo panatakiwa milimita kadhaa za nafasi tupu, kwa sababu nafasi hiyo ni kati ya vitu vinavyozuia umeme wa ukutani kufika mkononi mwako. Mtu alikuwa analala na hicho kitu pembeni ya kichwa, na mtu huyo ni mimi.

Usiige kupasua, kapasita iliyoko ndani inaweza kushika volti 300 na zaidi hata baada ya kuchomoa.

Nikiishika simu ikiwa inachaji nasikia kama inanipiga shoti ndogo, hasa yenye bodi ya chuma. Ni hatari?

Ule mtekenyo mdogo wa kama mchanga unapopitisha kidole ni kawaida kwa chaja za miguu miwili zisizo na waya wa ardhi, kuna kapasita ndani inayoruhusu kiasi kidogo mno cha umeme kupita, na katika chaja halali kiasi hicho kimewekewa kikomo. Ukisikia unavutwa au unarushwa mkono, hiyo sio mtekenyo, chomoa kwenye ukuta (usiguse simu) na usiitumie tena.

Kuchaji usiku kucha kunaua betri?

Simu inakata yenyewe ikijaa. Kinachoichosha betri ya lithiamu ni vitu viwili, joto na kukaa muda mrefu ikiwa imejaa pomoni. Ndo maana simu za sasa zina mpangilio wa kuishia asilimia 80 au kusubiri mpaka karibu uamke ndo zimalizie, iPhone huo wa kusubiri wameuleta tangu iOS 13 ya 2019. Uwashe. Alafu usiiweke chini ya mto, hilo ndo baya kuliko masaa yenyewe.

Na kama unashangaa kwa nini inakimbia mpaka 80 alafu inajikokota, ni hivyo hivyo kwa betri zote za lithiamu: mwanzoni inapokea ampia kwa wingi, ikikaribia kujaa saketi inashikilia volti na kupunguza ampia taratibu. Wati za kwenye tangazo unazipata dakika za mwanzo tu.

Fast charge inaharibu betri?

Joto ndo linaloharibu. Ukichaji kwa kasi huku unacheza gemu na kava nene juu, unaiumiza. Ukichaji kwa kasi simu imelala mezani, imetengenezwa kwa ajili hiyo.

Simu kulipuka ikichaji ni kosa la chaja?

Mara nyingine ndio, mara nyingine betri. Kesi inayojulikana sana ni Galaxy Note 7 ya 2016, Samsung walizirudisha zote na Januari 2017 wakatangaza chanzo kilikuwa betri zenyewe. Kwa mtumiaji dalili ni betri kuvimba: kioo kinanyanyuka pembeni, mfuniko wa nyuma una kitumbo, simu haikai sawa mezani. Ukiona hivyo usichaji tena hata kwa chaja orijino, usiitoboe, usiibonyeze irudi, ipeleke kwa fundi.

Pawabenki yangu ni ya 10,000 (mAh, yaani miliampia-saa) na betri ya simu ni 5,000. Mbona haijazi mara mbili?

Kwa sababu zile 10,000 zimehesabiwa kwenye volti 3.7 za betri yake ya ndani, ambazo ni kama wati-saa 37. Kuzitoa kwa USB lazima zipandishwe kuwa volti 5, zikifika kwenye simu zinashushwa tena, na kila hatua inapoteza kidogo kama joto. Unapata mara moja na nusu hivi, hujaibiwa. Kwenye ndege mashirika mengi yana kikomo cha wati-saa 100 kwa kila moja bila kuomba ruhusa, ambazo ni karibu na 27,000, na ubebe mkononi sio kwenye begi linaloenda chini.

Pawabenki ikijizima ukichaji spika za masikioni au saa, ni kwa sababu vifaa hivyo vinavuta kidogo mno inadhani hakuna kitu. Nyingi zina hali ya umeme mdogo, bonyeza kitufe mara mbili au kishikilie, inategemea imetengenezwaje.

Chaja yangu ina matundu mawili, nikichomeka simu ya pili ya kwanza inakata kidogo alafu inarudi. Mbovu?

Sio mbovu. Chaja ya 65 ikiwa na kifaa kimoja inampa uwezo wote, cha pili kikiingia inabidi igawe upya, mfano 45 kwa 20, na ili igawe inakata sekunde moja au mbili na kuanza mazungumzo upya na kila mmoja. Tatizo ni pale unapochomeka kitu kisicho na betri kama kompyuta ndogo ya ubao mmoja (mfano Raspberry Pi), kitazimika. Hicho kipe kichwa chake.

Chaja ya bila waya inaingiliana na simu zote?

Na zile zenye Qi tu (lugha ya pamoja ya kuchaji bila waya), simu isiyo nayo haichaji hata uiweke wiki. Tofauti za kasi zipo hapa pia, iPhone za kabla ya 12 kwenye Qi ya kawaida zinaishia wati 7.5. Toleo jipya, Qi2, lililotoka 2023, lina sumaku za kuikalisha simu sawasawa katikati, na hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu simu ikikaa pembeni kidogo umeme mwingi unageuka joto. Usiache funguo, sarafu wala kadi katikati.

Tundu la chaji limelegea, mpaka nishikilie waya. Nibadilishe sistimu chaji?

Subiri kwanza. Zima simu, mulika tochi ndani ya tundu. Kwa simu inayokaa mfukoni vumbi la nguo linashindiliwa chini kila unapochomeka, mpaka mdomo wa waya hauingii wote. Chukua kijiti cha mbao cha meno, kichonge kiwe chembamba zaidi, kokoa polepole pembeni pembeni bila kugusa kile kiulimi cha katikati, na usitumie pini wala sindano. Utashangaa kinachotoka, kinakuwa kama kipande cha blanketi la kijivu. Nimewaambia watu wengi wafanye hivi kabla ya kwenda kwa fundi, na wengi hawakuenda tena.

Simu imelowa na inakataa kuchaji, inaleta alama ya tone la maji. Nifanyeje?

Isikilize. Umeme ukipita kwenye maji unakula zile pini za dhahabu mpaka ziwe nyeusi. Gonga taratibu tundu likiangalia chini, iache penye hewa inayopita, masaa kadhaa. Usiizike kwenye mchele, vumbi lake linaingia ndani, usipulizie kikausha nywele. Kama ina chaji ya bila waya, futa mgongo uwe mkavu kabisa na uitumie hiyo wakati unasubiri.